Nyumba haina uso mmoja: Namna ya kupanga sura ya nje ipendeze kila upande

WAHENGA walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo humwonya mtu asiihukumu nyumba kwa uso wake. Kwa anayejenga makao yake mwenyewe siku hizi, yafaa kuongeza agizo jingine: kabla ya kuingia ndani, izunguke kwanza.

Katika mitaa mipya inayochipuka pembezoni mwa Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu, si ajabu kuona nyumba iliyomeza akiba ya miaka mingi ilhali ni upande mmoja tu uliotengenezwa. Ukuta unaotazama lango umepambwa kwa mawe ya Mazeras, nguzo mbili nene na madirisha mapana. Ukizunguka kona, unakutana na ukuta usiopigwa lipu, kidirisha cha choo kilichobanwa chini ya paa, na mabomba ya majitaka yaliyotambaa kama mizizi.

Wengi hudhani chanzo cha hali hiyo ni upungufu wa fedha. Mara nyingi sivyo. Karibu kila kinachoharibu sura ya ubavu na mgongo wa nyumba huamuliwa siku ramani inapochorwa. Kuhamisha choo kwenye karatasi ni kazi ya kifutio na penseli. Kukihamisha baada ya kuta kufika kwenye linta ni kubomoa na kulipa upya.

Kwa nini pande zote ni muhimu

Ploti nyingi za mijini ni za futi 50 kwa 100, yaani takriban thumni ya ekari. Katika eneo dogo kiasi hicho, ubavu wa nyumba yako ndio mandhari ya dirisha la jirani yako, na wake ndio mandhari ya kwako. Aliye na ploti ya kona hutazamwa kutoka barabara mbili tangu siku ya kwanza.

Isitoshe, barabara hazikai zilipo. Njia mpya inapofunguliwa, mgongo wa jana huwa uso wa leo. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, ilionyesha jambo jingine: msafiri aliye juu huona mapaa, matangi na nyuma za majengo ambazo wenyewe walidhani hazitaonekana na yeyote. Paa, kwa hivyo, ni upande wa tano.

Hata hivyo, sababu kubwa imo mumo humo nyumbani. Nyuma ndiko nguo zinakofuliwa na kuanikwa, watoto wanakocheza na wageni wa karibu wanakoketi. Familia huutazama upande huo kwa saa nyingi kuliko ule wa lango.

Mafunzo ya kale

Nyumba ya msonge haikuwa na tatizo hili. Ukuta wake wa mviringo na paa lake la nyasi huonekana vilevile popote mtu asimamapo. Ni mlango pekee unaoonyesha mbele. Tulipohamia nyumba za pembe nne ndipo mgongo ulipozaliwa.

Nchini Italia, karibu na mji wa Vicenza, msanifu Andrea Palladio alianza kujenga Villa Rotonda katika miaka ya 1560. Kwa kuwa nyumba hiyo ilikuwa juu ya kilima chenye mandhari nzuri kila upande, aliipa pande nne zinazofanana, kila mmoja ukiwa na ngazi na baraza yenye nguzo. Ni wachache wanaoweza kugharimia baraza nne, lakini kanuni yake ni ya wote: sura ya nyumba hutokana na mahali ilipo.

Lamu, ambayo Mji wake wa Kale uliorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 2001, inatoa funzo tofauti. Nyumba zake za mawe ya matumbawe zina kuta nene zisizo na madoido mengi upande wa nje. Nakshi zimewekwa mlangoni na ndani. Ukuta mtupu, basi, si kosa. Kinachochukiza ni ukuta mmoja kuvalishwa na mitatu kuachwa uchi.

Jua, upepo na mvua

Pande nne za nyumba hazifai kufanana kwa kila hali, kwa sababu hazipati hali moja ya hewa. Ikweta huipitia Kenya. Hivyo, jijini Nairobi na Mombasa, jua la adhuhuri huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Jua hilo huwa juu, na paa lililotokeza nje ya ukuta kwa futi 2 au zaidi hulizuia vyema.

Jua la asubuhi na la alasiri huwa chini, na paa haliwezi kulizuia. Upande wa magharibi, ambao hupokea joto la alasiri, wahitaji varanda, mti wenye kivuli au ukuta wa matofali ya matundu. Vitu hivyo vinavyokinga joto ndivyo pia vinavyoupa upande huo sura, bila pambo lolote la ziada.

Pwani, upepo wa kusi huleta mvua ya masika na kuirusha ukutani. Ukuta unaotazama kusini huota kuvu na kubambuka rangi mapema. Bara, matone ya mvua hurusha udongo mwekundu ukutani. Utepe wa mawe au wa rangi nzito kuzunguka sehemu ya chini ya nyumba nzima huficha madoa hayo, na papo hapo huziunganisha pande zote nne kwa mstari mmoja.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, dai michoro ya pande zote. Michoro inayopelekwa kaunti kuidhinishwa huonyesha sura ya nje ya kila upande, lakini wenye nyumba wengi hutazama tu ile picha ya rangi iliyotengenezwa kwa kompyuta, ambayo aghalabu huonyesha pembe ya lango. Omba picha nyingine iliyochukuliwa kutoka pembe ya nyuma. Hakikisha pia kwamba msanifu wako amesajiliwa kisheria.

Pili, anza na paa. Paa sahili huzipatanisha pande zote. Paa lenye vipande vingi vya kupendeza mbele huweza kuacha mikunjo na miteremko isiyolingana nyuma, na katika mikunjo hiyo ndimo maji huvujia.

Tatu, panga madirisha. Chagua vipimo viwili au vitatu na uvirudie. Weka vichwa vya madirisha na milango katika mstari mmoja kuzunguka nyumba. Dirisha la bafu laweza kuwa jembamba, lakini likilingana na mengine kwa juu halitaonekana kama lililosahauliwa.

Nne, tumia vifaa vichache. Viwili vyatosha, kwa mfano mawe ya kuchongwa na lipu iliyopakwa rangi. Kosa la kawaida ni kubandika mawe mbele na kuyakatiza kwenye kona ya nje, hivi kwamba mtazamaji anaona unene wake mdogo na kutambua ni ganda tu. Yapitishe kona hadi yafike mahali ukuta unapojikunja kwa ndani, ndipo yakome.

Tano, kusanya vyumba vya maji. Jiko, bafu na vyoo vikikaribiana, au vikiwa juu na chini ya vingine katika nyumba ya ghorofa, mabomba yote huteremka mahali pamoja ambapo pamejengewa kificho chenye mlango wa kukarabatia. Gharama ya mabomba nayo hupungua.

Sita, vipe vitu vya lazima mahali pake tangu mwanzo: tangi la maji, mtambo wa jua wa kupasha maji moto, mtungi wa gesi, kamba za kuanikia na mifereji ya paa. Vyote hivi vitakuja. Visipochorwa vitajitafutia mahali vyenyewe.

Fedha zikipungua

Kuna watakaosema kwamba haya ni ya matajiri. Ukweli ni kwamba ni anayejenga kwa akiba au mkopo anayeyahitaji zaidi, kwa kuwa hatapata fedha za kurekebisha. Iwapo bajeti haitoshi, ondoa nguzo za mapambo, punguza mawe ya kubandika, kisha upige lipu na rangi pande zote nne. Nyumba ya kadiri iliyokamilika kila upande humtunzia mwenyewe heshima na thamani kuliko kasri la upande mmoja.

Kabla ya kuchimba msingi, piga vigingi na ufunge kamba kulingana na ramani. Kisha simama kwenye mipaka yote minne ya ploti, mchoro wa upande husika ukiwa mkononi, na ujiulize ni nini kitakachoonekana kutoka hapo, na nani atakayekiona. Usipopendezwa na jibu, rudi kwa msanifu siku iyo hiyo. Mabadiliko huenda yakahitaji idhini mpya ya kaunti, lakini wiki chache za kungoja ni nafuu kuliko kuishi miaka 40 na ukuta unaokuudhi kila asubuhi unapoenda kuanika nguo.