Familia ya Myers na Kona ya Deepgreen

Mnamo Agosti 13, 1957, William na Daisy Myers walihamia nyumba ya vyumba vitatu vya kulala kwenye kona ya barabara za Deepgreen na Daffodil, Levittown, jimbo la Pennsylvania. Sababu zao zilikuwa zile zile zinazomhamisha mzazi yeyote. Mtoto wa tatu alikuwa amezaliwa, nyumba yao ya vyumba viwili katika kitongoji jirani cha Bloomsdale Gardens ilikuwa imewabana, na hii mpya ilikuwa na gereji na nafasi ya watoto kucheza. Bei yake ilikuwa dola 12,150. Jioni hiyo hiyo mamia ya watu walijaa mbele ya nyumba, na usiku mawe yakavunja dirisha kubwa la sebuleni.

Levittown ilikuwa na wakazi wapatao 60,000. Wote walikuwa Wazungu. Akina Myers walikuwa Weusi.

Hali hiyo ilipangwa, tena kwa maandishi. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt and Sons, iliyoongozwa na William Levitt, ilianza kugeuza mashamba ya viazi ya Long Island, nje ya jiji la New York, kuwa Levittown ya kwanza, mji wa nyumba zinazofanana; ile ya Pennsylvania ilifuata. Kazi iligawanywa hatua kwa hatua kama kiwandani, na kasi ilipokolea nyumba zaidi ya 30 zilikamilika kwa siku moja. Waliorudi kutoka vitani walipewa nyumba bila malipo ya awali, na mwaka 1949 nyumba iliuzwa dola 7,990. Kwa familia ya mfanyakazi wa kawaida iliyokuwa imebanana kwenye chumba kwa wakwe, huo ulikuwa mlango wa maisha mapya. Lakini mikataba ya kwanza ya upangaji ilikuwa na kifungu kilichokataza mtu yeyote asiye Mzungu kutumia au kukaa katika nyumba hizo, isipokuwa mtumishi wa ndani. Mwanamke Mweusi aliweza kufua na kupika Levittown mchana kutwa. Kukaa hapo katika nyumba yake mwenyewe, hapana.

Levitt alikuwa Myahudi, na Wayahudi nao walikuwa wamefungiwa nje ya vitongoji vingi vya Marekani. Hata hivyo alishika msimamo wake waziwazi: kampuni yake ingeweza kutatua shida ya nyumba au shida ya ubaguzi, si zote mbili kwa pamoja. Alidai kwamba akimuuzia Mweusi mmoja, Wazungu wengi hawatanunua.

Utetezi huo unaacha nje mshiriki mkubwa zaidi, yaani serikali. Mwaka 1934 Washington iliunda mamlaka ya kudhamini mikopo ya nyumba, ili benki ziweze kukopesha kwa riba nafuu na kwa muda mrefu. Mwongozo wa mamlaka hiyo uliwaelekeza wakaguzi kuhesabu mchanganyiko wa rangi za watu kuwa ni hatari kwa thamani ya mtaa, na ukapendekeza hati za umiliki ziwe na masharti ya kuwazuia Weusi. Shirika jingine la serikali, lililoanzishwa 1933, lilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyoonwa kuwa hatari kukopesha. Mitaa ya Weusi ilikuwa nyekundu karibu kila mahali, hata pale wakazi wake walipokuwa na kipato kizuri. Mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer iliyotoka St. Louis, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti hayo ya hati. Levitt alikiondoa kifungu kwenye mikataba yake, akaendelea kuwakataa Weusi vile vile.

Kwa hiyo baba na mama Weusi waliotafuta nyumba walikuwa na hesabu ambazo jirani Mzungu hakuwahi kuzipiga. Ubora wa shule, umbali wa kazini na bei vilikuwa mwanzo tu. Ilibidi wajue nani atakubali kuwauzia, benki gani itawakopesha, na usiku wa kwanza polisi watakuwa upande wa nani.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mwaka 1925 daktari Mweusi, Ossian Sweet, alinunua nyumba katika barabara ya Garland, Detroit. Umati ukaizingira na kuirushia mawe, risasi zikafyatuliwa kutoka ndani, Mzungu mmoja akafa. Daktari, mkewe na wenzao wakashtakiwa kwa mauaji. Wakili mashuhuri Clarence Darrow aliwatetea, na mwaka 1926 baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, likamwachia huru Henry, mdogo wake daktari. Baadaye mashtaka dhidi ya wengine yakafutwa.

Kisha Cicero, nje kidogo ya Chicago, Julai 1951. Harvey Clark, dereva wa basi aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia, alikodi nyumba ya ghorofani kwa ajili ya mkewe na watoto wao wawili. Polisi wenyewe ndio walikuwa wa kwanza kumfukuza, hadi akaenda mahakamani kuomba ulinzi. Alipofanikiwa kuingiza vyombo vyake, umati wa watu wapatao 4,000 ulivamia jengo, ukatupa samani na piano kupitia madirishani na kuzichoma moto. Gavana Adlai Stevenson alilazimika kupeleka jeshi la akiba. Mambo yalipofika kwa jopo la mashtaka, wavamizi hawakushtakiwa. Walioshtakiwa kwanza ni wakili aliyeisaidia familia, mwenye jengo na dalali wake. Mashtaka hayo yalifutwa baadaye, lakini familia ya Clark haikukaa Cicero.

Familia ya Myers iliyajua mazingira hayo. William naye alikuwa mwanajeshi wa zamani, fundi wa mitambo ya kupoza aliyefanya kazi Trenton, ng'ambo ya mto Delaware. Daisy alikuwa na shahada na alikuwa mwalimu. Hawakupitia kampuni ya Levitt. Walinunua kwa mwenye nyumba aliyetaka kuhama. Lew na Bea Wechsler, majirani Wayahudi wa nyumba ya pili, walisaidia kuwakutanisha. Mkopo wa kawaida haukupatikana, na hatimaye fedha zilitoka kwa mfadhili binafsi wa New York.

Siku ya kuhamia, Daisy alikuwa katikati ya kupanga vitu tarishi alipobisha hodi. Tarishi aliuliza kama mwenye nyumba yupo, akidhani anazungumza na mtumishi. Daisy akamjibu kwamba mwenye nyumba ni yeye. Tarishi akaendelea na barua zake, huku akipaza sauti mlango kwa mlango kwamba Weusi wameingia Levittown.

Umati ulirudi usiku baada ya usiku. Mawe yalirushwa, na moja likampiga sajenti wa polisi akazimia. Nyumba tupu iliyokuwa nyuma yao iligeuzwa kuwa kijiwe: ikatundikwa bendera ya majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa, na nyimbo za enzi hizo zikapigwa kwa sauti ya juu ili familia isilale. Misalaba ilichomwa moto, na nyumba ya akina Wechsler ikapakwa herufi za Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi. Haya yote yalitokea Kaskazini, majira yale yale ambayo Marekani nzima iliitazama Little Rock, Arkansas, wanafunzi tisa Weusi walipozuiwa kuingia shule.

Wapo pia waliokuja kwa heri, na ni haki watajwe. Waumini wa Kanisa la Marafiki, dhehebu lenye mizizi mirefu Kaimosi, magharibi mwa Kenya, walipanga zamu za kukaa na familia. Majirani wengine walileta chakula na kusafisha nyumba. Gavana George Leader alituma polisi wa jimbo, na Mwanasheria Mkuu wa Pennsylvania, Thomas McBride, akaenda mahakamani. Mwaka 1958 mahakama ilitoa amri ya kudumu dhidi ya viongozi wa ghasia. Mwaka huo huo familia ya pili ya Weusi ilihamia Levittown, safari hii bila umati.

Akina Myers walikaa hadi 1961, kisha wakahamia York, Pennsylvania, kwa ajili ya kazi. Daisy alisimulia yaliyowapata katika kitabu alichokichapisha mwaka 2005, akafariki 2011.

Sheria ya Makazi ya Haki ilitiwa saini Aprili 11, 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Ilipiga marufuku kumbagua mnunuzi au mpangaji kwa rangi, dini au asili yake. Kufikia hapo, Mzungu aliyenunua nyumba Long Island kwa dola 7,990 alikuwa na miaka karibu 20 ya kulipa deni dogo kwa mali iliyozidi kupanda thamani, mali ya kusomeshea watoto na kuwarithisha. Mweusi aliyekataliwa mlangoni mwaka ule ule alikuwa amelipa kodi ya pango muda wote huo, au alinunua mahali pengine kwa riba kubwa zaidi. Hasara hiyo haina hata dirisha moja lililovunjika la kupigwa picha, lakini imeumiza vizazi vingi kuliko mawe ya Deepgreen.

Wala sheria haikuumaliza ubaguzi wenyewe. Mwaka 2019 gazeti la Newsday la Long Island lilichapisha uchunguzi wa miaka mitatu. Watu wa rangi tofauti, wenye kipato na mahitaji yanayolingana, walitumwa na kamera za siri kwa madalali 93. Kulikuwa na dalili kwamba Weusi walitendewa tofauti na Wazungu katika asilimia 49 ya majaribio, wenye asili ya Amerika ya Kilatini asilimia 39, na wenye asili ya Asia asilimia 19. Hakuna dalali aliyerusha jiwe. Baadhi yao walimdai mteja Mweusi barua ya benki ya kuthibitisha mkopo kabla ya kumwonyesha hata nyumba moja, na mteja Mzungu aliyeomba nyumba kama hiyo wakampakia garini wakaanza kuzunguka naye.