Mandhari na Milki: Kutoka Het Steen hadi Endebess

Makala haya yanadai kwamba mandhari, katika uchoraji kama katika fasihi, si pambo la nyuma ya wahusika. Ni kauli kuhusu nani mwenye ardhi na nani asiyehesabika.

Mwaka 1635, katika enzi ya Baroki, mchoraji Peter Paul Rubens alinunua kasri la Het Steen, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, pamoja na hadhi ya ubwana iliyoambatana nalo. Yapata mwaka 1636 aliichora milki hiyo wakati wa asubuhi. Kasri liko kushoto. Mkokoteni unakwenda sokoni. Mwindaji ananyemelea ndege. Tambarare inaenea hadi upeo wa macho. Wavujajasho wamo, lakini kama sehemu ya mazao ya shamba. Jicho linaloyaona yote kwa pamoja ni la mwenye mali, na mtazamaji huazimwa jicho hilo bila kuulizwa.

Takriban karne mbili na nusu baadaye, mwishoni mwa 1883, msafiri Joseph Thomson aliufikia Mlima Elgon. Alikuta watu wakiishi mapangoni na mifugo yao. Lakini katika kitabu chake cha 1885 alidai kuwa mapango hayo ni kazi ya taifa jingine la kale. Wenyeji waliachiwa makazi, wakanyimwa historia, ingawa jina la mlima lenyewe linatokana na Wakony, mojawapo ya jamii za Wasabaoti. Baadaye Endebess, chini ya mlima huo, ikawa nchi ya mashamba ya walowezi. Sheria ya 1918 iliwaruhusu Waafrika kukaa humo kwa sharti la kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Rubens aliwachora watumishi wadogo. Hoja ya walowezi kuhusu “ardhi tupu” iliwafuta kabisa.

Itapingwa kwamba Rubens aliipenda tu nchi yake, kwani alibaki na mchoro huo hadi alipofariki mwaka 1640. Ni kweli, lakini mapenzi hayafuti umilki. Walowezi nao waliupenda Elgon.

Kwa hiyo, mwanafunzi anapokutana na “tambarare tulivu” katika riwaya, asiishie kusifu lugha. Aulize ni nani aliyeondolewa ili utulivu huo upatikane.