Gitaa la Kina Harrison

Ali Farka Touré hakutaka mwanawe awe mwanamuziki. Mzee huyo wa Niafunké, Mali, aliona heri kijana aingie jeshini. Vieux akakataa, akasomea muziki Bamako, na albamu yake ya kwanza ikatoka 2007, mwaka mmoja baada ya babake kufariki. Mzee mwenyewe amepiga humo. Tena Ali hakutoka katika zile koo za waimbaji wa kurithi. Urithi wenyewe ulianza na mkaidi.

Huku Likoni ukimtaja Ali Farka kwa vijana wa muziki, wanaitikia kwa heshima. Wataje Them Mushrooms, wanacheka. Si wale wa "Jambo Bwana"? Wimbo wa watalii?

Ndio hao. Teddy Kalanda Harrison alianzisha bendi hapa Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1960 pamoja na nduguze Billy Sarro na George Ziro, kisha wadogo zao John Katana na Dennis Kalume wakaingia. Walipiga mahotelini manake huko ndiko kulikokuwa na mshahara. "Jambo Bwana" aliitunga Teddy, hata Boney M wakairekodi kwa mtindo wao. Sioni aibu hapo. Ali Farka naye aliuza rekodi zake kwa wazungu, ila yeye tunamwita gwiji.

Halafu kuna lile tusilolisema. Ndugu hawa waliichukua chakacha, ngoma ya akina mama harusini, wakaitia gitaa la umeme. Na mapema miaka ya 1990 wakamfuata Fundi Konde. Huyu ni Mgiriama aliyezaliwa 1924, aliyewatumbuiza askari hadi Burma wakati wa vita, akawa miongoni mwa wa kwanza kurekodi gitaa la umeme Kenya. Enzi zake zilikuwa zimepita. Vijana wenye jina wakakaa nyuma yake, wakazirekodi upya nyimbo zake naye. Hakuwa baba yao. Hata hivyo sijui umwite nani mwingine.

Fundi Konde alifariki 2000, Teddy 2024. Harusi nyingi huku ng'ambo ya feri sasa ni kinanda kimoja chenye ngoma ndani yake, na kijana anayetaka kujifunza mkono wa Fundi Konde anautafuta YouTube, bando ikiruhusu.