Hoho mgeni, kuvu wenyeji

Ng'oa mche wa pilipili hoho kwenye bustani ya Rasbura, pale Lindi mjini. Utaona mizizi na udongo, basi. Kumbe ndani ya mizizi hiyo wanaishi wabia: kuvu za mikoriza, zenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hufika mizizi isikofika na kuuletea mmea fosforasi. Mmea nao hulipa kwa sukari.

Sasa turudi nyuma kidogo. Pilipili zote, kali na hoho, asili yake ni Amerika. Kabla ya Columbus kuvuka Atlantiki mwaka 1492, hakuna mtu wa pwani yetu aliyewahi kuzionja. Wareno, walioivamia Kilwa mwaka 1505, ndio kwa kawaida hutajwa kuzileta upande huu wa Bahari ya Hindi. Mbegu kavu, bila udongo wa kwao. Je, kuvu walizipata wapi?

Walizikuta hapahapa. Kuvu hizi hazichagui sana: zile zinazoishi na mtama na kunde huipokea hoho pia. Na ubia wenyewe ni wa kale mno. Mabaki yake kwenye miamba ya Rhynie, Uskoti, yana umri wa miaka milioni 400 hivi.

Sayansi ndiyo iliyochelewa. Mjerumani Albert Bernhard Frank alilitunga jina la mikoriza mwaka 1885 tu, akichunguza mizizi ya miti. Miaka ya 1950, Barbara Mosse wa Uingereza alionesha kwa majaribio kwamba miche ya tufaha iliyopewa kuvu hizi hukua vizuri kuliko isiyo nazo.

Hii inatuhusu vipi leo? Mchicha, kabichi na chainizi hazifanyi ubia huu, au huufanya kidogo sana. Bustani ikilimwa hizo tu msimu hadi msimu, ikatifuliwa kila mara na kujazwa mbolea ya fosfeti, wenyeji hupungua. Hoho ikija, haina wa kuipokea.

Kwa hiyo, kabla hujafikiria kununua kuvu za pakiti, tunza ulizonazo. Tanguliza kunde au mahindi kabla ya hoho, weka matandazo, punguza kutifua. Wazee waliochanganya mtama na kunde shambani walikuwa wakizilisha kuvu hizi miaka yote, bila kuziona hata mara moja.