Razaba: Ardhi na Hati

Kusini mwa Mto Wami, huko Makurunge, Serikali ya Zanzibar ilianzisha ranchi ya ng'ombe katika miaka ya 1970, ikaitwa Razaba: Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Ilipokufa katika miaka ya 1990, wakulima na wafugaji waliishi humo. Mwaka 2013 kampuni ya EcoEnergy, yenye asili ya Uswidi, ilipewa hati ya miaka 99 ipande miwa. Wenyeji walilalamika kuwa hawakushauriwa ipasavyo. Hati ikafutwa mwaka 2016. Mwaka 2022 wasuluhishi wa kimataifa waliiamuru Tanzania iwalipe wawekezaji takriban dola milioni 165. Mwenye hati alikuwa na pa kushitakia. Mwenye jembe hakuwamo shaurini. Maendeleo yasiyomsikiliza aliyeko shambani hayadumu.