Maji ya Mkondoa na daftari la mwenyekiti (Sehemu ya 3)

 Wengi mmeniuliza swali moja: maji yakiingia ndani, msaada unaanzia wapi? Nitajibu, ila kwanza tupite kwenye historia, maana ndiyo inayoeleza kwa nini jirani anapata hema na wewe unabaki unaangalia.

Bonde letu lina sifa ya siku nyingi. Wazungu waliopita hapa karne ya 19 waliuandika mto huu Mukondokwa. Misafara ilifuata bonde kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kupenya milima ya Usagara, na reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 nayo ikapita humuhumu. Ndiyo maana hapa kwetu reli na mto vimebanana hivi. Mwaka 1872, kimbunga kilipiga Zanzibar tarehe 15 Aprili. Stanley, akirudi pwani baada ya kuonana na Livingstone, alikuta mji wa Simbamwenni, pale Morogoro, umebomolewa na maji. Wakati ule hakuna ofisi wala orodha. Mtu alikimbilia kwa ndugu aliyejenga juu, basi.

Serikali ilipoingia, msaada ukaja na sharti. Mwaka 1968 Rufiji ilifurika, na watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya ujamaa sehemu za juu. Maji hayakuwafikia huko, sawa. Lakini mashamba yalibaki chini, na chakula cha watoto kilitoka kwenye mashamba hayohayo. Kwa hiyo ukisikia leo mtu anakataa kuhamia kiwanja cha mbali, usimwite mbishi haraka. Muulize kwanza atalima wapi.

Sasa tuje kwetu. Mwishoni mwa Desemba 2009 mvua zilinyesha sana huko juu, upande wa Mpwapwa, na Mkondoa ukavunja tuta lililojengwa enzi za mkoloni kuukinga mji wa Kilosa. Zaidi ya watu 20,000 waliathirika hadi kuingia Januari 2010. Reli ya Kati ilikatika vibaya, na kwa miezi kadhaa treni ya abiria ya kwenda bara haikuweza kupita hapa. Familia zililala kwanza kwenye majengo ya shule. Shule zikitakiwa kufunguliwa, inabidi mtu atoke, ndipo yakaja mahema. Msalaba Mwekundu walikuwepo, Rais Kikwete alikuja, chakula kikaja. Hema la muda likageuka makazi, watoto wakazaliwa humo.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Msaada wa mafuriko haugawiwi kwa mtu, unagawiwa kwa kaya. Na kaya kwenye karatasi mara nyingi ni jina la mwanaume mmoja. Sasa fikiria: mpangaji wa chumba kimoja, mke wa pili, mjane anayeishi kwa wakwe, binti aliyezaa akiwa bado kwa wazazi wake. Wote wamepoteza godoro na sufuria, lakini paa ni moja, kwa hiyo wanaandikwa kama mmoja. Debe la unga linaishia kwa aliyeandikwa. Yaani njaa ya mtoto wako inaweza kuanzia kwenye daftari.

Sheria nayo imebadilika. Ile ya mwaka 1990 ilihusu zaidi kuratibu misaada baada ya janga. Ikaja ya 2015, halafu ya 2022 ndiyo inayotumika sasa. Hii inataka ziwepo kamati za usimamizi wa maafa kuanzia kijiji au mtaa, kata, wilaya mpaka mkoa. Juu kabisa ni Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa hiyo msaada wa kitaifa unashuka kutoka juu, lakini majina yanapanda kutoka kwa mwenyekiti wako wa kitongoji. Aprili 2024 Waziri Mkuu Majaliwa aliposimama bungeni kutaja kaya zaidi ya 51,000 zilizoathirika nchini na vifo 155, hesabu za namna hiyo huanzia kwa viongozi wa huku chini.

Basi jibu ni hili, mama. Kuokolewa kwanza: piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Mkishafika pakavu, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, usimtume mtu. Taja kwamba unapika chungu chako mwenyewe, hata kama nyumba si yako. Taja kila mtoto kwa jina na umri. Una mimba? Sema, na miezi mingapi, maana wahudumu wakija wanatafuta wajawazito na wanaonyonyesha kwanza. Omba usomewe ulivyoandikwa. Ukirukwa, panda kwa mtendaji wa kata, kisha wilayani, na uende na jirani wa kukushuhudia.

Kadi ya kliniki ikisombwa na maji usikae nyumbani ukiona aibu. Nenda kituo chochote, rejista ipo, mtoto aendelee na chanjo. Wenye dawa za kila siku, za presha, sukari au ARV, vilevile: usisubiri maji yapungue, kila siku unayoruka ni tatizo. Maswali ya afya piga 199, ni bure.

Sehemu ya 4 nitaandika juu ya maji ya kunywa kambini na mtoto anayeharisha. Kama ulikaa kwenye mahema 2010, niandikie ulikuwa unachota wapi.