Historia Simulizi ya Egerton: Sauti Zilizoachwa Nje

Historia ya Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, aghalabu huandikwa kama orodha ya hatua rasmi. Lord Maurice Egerton, mlowezi kutoka Uingereza, alikianzisha mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu. Mwaka wa 1986 kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1987 kikawa chuo kikuu kamili. Orodha hii ni sahihi, ila waliolima mashamba yenyewe hawamo. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo litazibwa tu kwa historia simulizi.

Yamkini msomaji atauliza: je, Njoro haina masimulizi tayari? Yapo. Linalovuma zaidi ni la kasri la Egerton huko Ngata. Inasemekana kwamba bwana huyo alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa, naye akawachukia wanawake maisha yake yote. Kiutanzu, hiki ni kisakale: mhusika ni mtu wa kihistoria, lakini sifa zake zimetiwa chumvi. Utamu wake umemfanya msikilizaji asahau swali muhimu: ni nani waliobeba mawe? Ujenzi ulianza mwaka wa 1938 na kukamilika 1954, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo maskwota wengi Wakikuyu walifukuzwa kutoka mashamba ya walowezi katika Bonde la Ufa. Kisakale kinamlilia bwana aliyekataliwa. Familia zilizofukuzwa hazitajwi.

Ni muhimu, basi, kutofautisha tanzu. Jan Vansina alitenga mapokeo simulizi, yanayorithishwa vizazi hadi vizazi, na historia simulizi, ambayo ni ushahidi wa walioishi wakati wa matukio. Mapokeo yaweza kusubiri kwa kuwa yana warithi. Ushahidi hauna mrithi. Aliyekuwa na miaka ishirini Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963 sasa amepita themanini.

Mwalimu anayefunza ukusanyaji wa fasihi simulizi anaweza kuanzia hapa. Wanafunzi wawaulize wazee kuhusu kipande, posho, ngano, na siku Mwafrika wa kwanza waliyemjua alipoingia darasani humo. Wanukuu maneno kama yalivyotamkwa, bila kuyasanifisha, maana lahaja na lugha ya kwanza ya msimulizi ni sehemu ya ushahidi. Wazee wawili wakipingana, matoleo yote mawili yahifadhiwe. Fauka ya hayo, wakusanyaji wawe waangalifu: Njoro ilikumbwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na suala la ardhi bado ni kidonda. Idhini ya msimulizi itangulie kinasa sauti, na akitaka jina lake lifichwe, lifichwe.

Kwa kuhitimisha, chuo kilichoanzishwa kufunza kilimo kina deni kwa wakulima wake. Kasri litaendelea kusimama, wazee hawatatungoja.